UZI: John Hopfield, mwanafizikia wa fuwele aliyehamia kwenye ubongo akiwa mtu mzima

#1 MzeeWaSumaku

Wakuu habari zenu. Tangu Nobel ya fizikia ya 2024, ile ya mitandao ya neva, itoke naona watu wanamjadili Geoffrey Hinton tu, yule mzee mwingine aliyegawana naye anatajwa kama vile alikuja kusindikiza. Leo nataka nimwage stori ya huyo mwingine, John Hopfield, maana binafsi namuona ndo mwenye safari tamu zaidi. Na nikwambieni mapema ninachokiamini ili mnipinge vizuri, kipaji kikubwa cha huyu mzee ni kuchagua swali. Kuna wanafizikia wengi wanaomzidi kwa hesabu, lakini kunusa swali ambalo halina mwenyewe, akaling'ang'ania, afu akaondoka wengine wote ndo wanalikimbilia, hapo wanaomfikia ni wachache.

Kazaliwa Chicago tarehe 15 Julai 1933. Baba mwanafizikia, mama mwanafizikia. Baba yake, naye John, mzaliwa wa Poland, jina la ukoo lipo mpaka leo kwenye mwanga wa urujuanimno wa naitrojeni ya anga la juu, wataalamu wanaita bendi za Lyman-Birge-Hopfield. Mama yake Helen alifanyia kazi jinsi mawimbi ya redio kutoka setilaiti yanavyocheleweshwa na angahewa, na modeli yake bado inatajwa na watu wanaosahihisha vipimo vya GPS. Kwa hiyo mtoto alikulia kwenye nyumba ambayo kitu kikiharibika kinafunguliwa kwanza. Yeye mwenyewe ameandika kwamba kwake fizikia ni mtazamo zaidi kuliko mada, ni ile imani kwamba dunia inaeleweka, kwamba unaweza kukifungua chochote, ukaona vipande vyake vinahusianaje, ukapima, ukajua kwa nini kinafanya kinachofanya. Shikeni hapo, mbele tutapahitaji kwenye ugomvi wa kama hii Nobel ni ya fizikia au sio.

Akasoma Swarthmore College, akamaliza 1954, akaenda Cornell, PhD 1958 chini ya Albert Overhauser. Thesisi yake ilihusu mwanga unapoingia kwenye fuwele. Mwanga ukiingia mle haubaki mwanga mtupu, unashikana na msisimko wa elektroni mpaka huwezi kusema huu ni mwanga na huu ni msisimko, ni kitu kimoja kipya chenye tabia zake. Kitu hicho akakiita polaritoni na jina likakaa mpaka leo. Afu Bell Laboratories, Paris kidogo, Berkeley, na 1964 akatua Princeton kama profesa wa fizikia. 1969 akapata tuzo ya Buckley pamoja na David Thomas wa Bell Labs, tuzo ya heshima kabisa kwa watu wa fizikia ya mango, yaani ya vitu vigumu kama fuwele.

Yaani kufikia hapo jamaa alishamaliza. Miaka 36, uprofesa Princeton, tuzo kabatini. Angeweza kukaa kwenye semikondakta mpaka anastaafu na hakuna ambaye angemlaumu.

Nakuja na sehemu ya pili.

#2 Fundi Saketi

Nimekaa siti ya mbele mkuu, tiririka.

#3 dada_zuhura

Mzee wangu shikamoo. Swali kabla hujaendelea, kwa nini aliondoka? Mtu akiwa juu hivyo haachi hivihivi, alikorofishana na watu au?

#4 MzeeWaSumaku

Marahaba dada. Hakukorofishana na mtu. Kwa alivyoeleza mwenyewe, aliishiwa maswali. Mwishoni mwa miaka ya 60 aliangalia fani yake akaona haoni tena swali ambalo yeye, kwa kipaji alichonacho, angelifanya vizuri kuliko wengine. Kumbuka fani ilikuwa imejaa watu wenye akili, kila ufa una mtu tayari anachungulia. Sasa wengi tukifika hapo tunaendelea kutoa makala ndogondogo zinazofanana, yeye akaanza kuzungukazunguka kutafuta.

Mlango ulikuwa himoglobini. Pale Bell Labs kulikuwa na Robert Shulman anaipima himoglobini kwa mwitiko wa sumaku wa viini vya atomi. Hii protini ya damu inabeba oksijeni nne, na mshangao wake ni kwamba oksijeni ikishajishika sehemu moja, sehemu nyingine zinazidi kuipenda oksijeni. Sehemu hizo hazigusani, ziko mbali kwa vipimo vya molekuli, lakini zinajuana. Kwa mtu wa fizikia ya mango hii ni lugha ya nyumbani, vitu vingi vidogo vinavyoamua kwa pamoja.

Ila iliyonikosha mimi ni ya 1974. Sikilizeni hii taratibu maana watu wanairuka wakikimbilia ubongo.

Seli ikitengeneza protini inasoma herufi za jenetiki na kuchagua kipande sahihi kati ya vipande vinavyofanana sana. Tofauti ya nishati kati ya sahihi na karibu-sahihi ni ndogo, na ukipiga hesabu za kawaida za kemia, kwa tofauti hiyo seli ingekosea tuseme mara 1 kwa 100. Lakini makosa halisi ya utengenezaji wa protini ni kama 1 kwa 10,000. Usahihi wa ziada unatoka wapi? Hopfield akasema, seli inakagua mara mbili, na ukaguzi wa pili inaulipia nishati. Kipande kikishaingia, seli inachoma mafuta kidogo kukipeleka kwenye hatua ambayo haina kurudi nyuma kirahisi, afu pale inakipa nafasi nyingine ya kudondoka. Cha uongo kinadondoka mara ya kwanza 99 kati ya 100, kilichopenya kinadondoka tena 99 kati ya 100. Mia mara mia, elfu kumi. Bila kulipa nishati ile hatua ya pili haina maana, ingekuwa inaenda na kurudi tu. Jacques Ninio kule Ufaransa naye alifika hapohapo kwa njia yake mwaka 1975.

Kilichombadilisha Hopfield, na hili kalisema mwenyewe, ni kwamba baada ya hapo alianza kuwaza kazi ya mtandao mzima. Mmenyuko mmoja mmoja ulikuwa unajulikana na wanakemia, lakini kusahihisha makosa hakupo kwenye mmenyuko wowote ule mmoja, kupo kwenye jinsi ilivyopangwa. Ukiwa na wazo hilo kichwani afu mtu akakupeleka kwenye ubongo, unategemea nini?

#5 Kobe Mkimya

Nani alimpeleka sasa

#6 MzeeWaSumaku

Francis Schmitt wa MIT. Huyu mzee alikuwa anaendesha programu ya utafiti wa neva, kikundi kinachokutana mara kwa mara, ndani yake kuna madaktari wa neva, watu wa anatomia, wanasaikolojia, wanakemia, kila aina. 1977 akamtafuta Hopfield, akamuomba aje kuongea. Hopfield akamwambia mimi kuhusu ubongo sijui kitu, Schmitt akamjibu haina shida, we ongelea kinachokuvutia. Akaenda akaongelea mambo yake ya molekuli.

Akabaki kusikiliza. Na alichokisikia kilimkamata, kila mtaalamu ana kipande chake, huyu anajua seli ya aina fulani, huyu anajua mgonjwa aliyepoteza sehemu fulani, na hakuna anayejaribu kusema kitu hiki kizima kinafikirije. Swali kubwa kuliko yote limekaa katikati ya chumba na halina mwenyewe. Kwa mtu ambaye miaka kumi alikuwa anatafuta swali!

1980 akaondoka Princeton akaenda Caltech, cheo chake kipya profesa wa kemia na baiolojia. Soma tena, wa kemia na baiolojia. Fizikia haipo kwenye jina la kiti. Umri miaka 47.

Pale Caltech akakutana na Carver Mead, mtu wa chipu, na Richard Feynman. Wakaanzisha pamoja kozi ya fizikia ya ukokotoaji, kila mmoja anavuta upande wake, Feynman anawaza kompyuta za kwantamu, Mead anawaza saketi zinazofanya kazi kama neva, Hopfield anawaza neva zenyewe. Ningetoa figo moja kukaa nyuma ya darasa lile.

Afu Aprili 1982 ikatoka ile makala ya mtandao wa neva unaokumbuka, kwenye jarida la Akademi ya Sayansi ya Marekani. Kurasa tano tu.

#7 Fundi Saketi

Hapo sasa. Mkuu usituache na maneno matupu, onesha inavyofanya kazi, humu kuna watu wa hesabu.

#8 MzeeWaSumaku

Sawa, chukueni karatasi.

Chukua neva nne tu. Kila moja ina hali mbili, inawaka (+1) au imezima (-1). Zote zimeunganishwa na zote. Tunataka zikumbuke mchoro huu: + - + -

Kanuni ya kuhifadhi, inayotokana na wazo la Donald Hebb la 1949: neva mbili zikiwa na hali sawa kwenye mchoro, waya kati yao unapewa +1, zikitofautiana unapewa -1. Kwa hiyo waya wa 1 na 3 ni +1, wa 2 na 4 ni +1, zilizobaki zote ni -1. Basi, kumbukumbu imeshahifadhiwa. Angalia imekaa wapi, haipo kwenye neva yoyote, iko kwenye waya.

Sasa haribu mchoro. Neva ya pili iwashe kimakosa: + + + -

Iulize neva ya pili wenzako wanasemaje. Neva ya 1 inawaka, waya wake -1, inasema -1. Neva ya 3 inawaka, waya -1, inasema -1. Neva ya 4 imezima, yaani -1, waya wake +1, inasema -1. Jumla -3. Ni hasi, basi neva ya pili inazima. Mchoro umerudi + - + -. Ziulize zile nyingine tatu, zote zitakwambia zibaki zilivyo.

Sasa utamu wa kifizikia uko hapa. Kwa kila jozi zidisha hali ya kwanza, hali ya pili na waya wao, jumlisha jozi zote sita, weka alama ya kutoa mbele. Hiyo Hopfield aliiita nishati. Mchoro ulioharibika nishati yake ni 0. Mchoro sahihi nishati yake ni -6. Na alionesha kwamba waya zikiwa na uzito sawa kwenda na kurudi, na neva zikijirekebisha moja moja, nishati haipandi kamwe. Inashuka au inabaki. Kwa hiyo kila kumbukumbu ni bonde, na ukianzia popote mlimani maji yatatiririka mpaka kwenye bonde la karibu. Unampa mtandao nusu ya sura, unakurudishia sura nzima. Hauendi kutafuta kwenye rafu namba fulani kama kompyuta ya kawaida, unaanza na kipande cha kitu chenyewe na kipande kinakupeleka.

Watu wa sumaku tayari walikuwa na hesabu hii. Atomi kwenye sumaku kila moja inaelekea juu au chini na inawasikiliza jirani zake. Na miaka ya 70 watu walikuwa wanahangaika na sumaku vurugu ambazo waya zake nyingine chanya nyingine hasi, kwa hiyo zina mabonde mengi mno. Waliona mabonde mengi kama usumbufu. Hopfield akasema hayo mabonde ndo kumbukumbu.

#9 Kobe Mkimya

Subiri. Nimejaribu na - + - + na yenyewe inakaa. Nishati -6 vilevile. Hatukuihifadhi hiyo.

#10 MzeeWaSumaku

Kobe unasema kidogo lakini unapiga penyewe. Ndio, ukihifadhi mchoro, kinyume chake kinajihifadhi bure. Na ukihifadhi mingi yanatokea mabonde mengine ya uongo, mchanganyiko wa kumbukumbu mbili tatu, kitu ambacho hakijawahi kutokea ila mtandao unakikumbuka kwa uhakika kabisa. Wanasaikolojia wakisikia hivyo wanakaa vizuri kwenye viti.

Kuna stori hapo. 1983 Hopfield na wenzake wawili walitoa makala fupi kwenye Nature wakionesha kwamba ukiuachia mtandao uanguke kwenye mabonde ovyo afu ukayafukia kidogo kila unapoanguka, ile ya uongo inapungua na kumbukumbu za kweli zinatulia. Toleo hilohilo la Nature kulikuwa na makala ya Francis Crick, ndio yuleyule wa DNA, na Graeme Mitchison, wakipendekeza kwamba ndoto ni njia ya ubongo kusahau takataka. Crick naye ni mwanafizikia wa kusomea, kaenda kwenye DNA, afu uzeeni akahamia California kwenye ubongo. Kwa ushahidi uliopo leo sidhani nadharia ya ndoto ilisimama, ila kama hesabu ilikuwa tamu.

#11 Ngwena wa Mtoni

Mi naomba kutofautiana na mleta uzi. Huu mtandao unaitwa wa Hopfield kwa sababu ya Marekani na jarida kubwa tu. Shun-ichi Amari wa Japani alikuwa na kumbukumbu za namna hii tangu 1972. William Little aliandika 1974 kuhusu neva kama sumaku. Na hesabu ya sumaku yenyewe ni ya Lenz na Ising, miaka ya 20 hiyo. Hopfield kaokota akaweka jina. Halafu Nobel ya FIZIKIA kwa kitu cha neva na kompyuta? Wenzetu walioko kwenye maabara za leza wafanyeje, waanze kusoma baiolojia?

#12 MzeeWaSumaku

Ngwena nilikuwa nakusubiri 😄

Ya Amari na Little ni kweli tupu, na yeyote anayeandika historia hii bila kuwataja Wajapani anadanganya. Lakini tuangalie kilichotokea baada ya 1982 na hakikutokea baada ya 1972. Hopfield aliandika kwa namna ambayo mwanafizikia wa sumaku akisoma jioni, asubuhi anaanza kazi. Nishati inayoshuka, uwezo wa kuhifadhi, kelele, kila neno lina kifaa chake tayari. Na wakaingia kwa mamia. 1985 Amit, Gutfreund na Sompolinsky kule Israeli walichukua zana za sumaku vurugu wakapiga hesabu kamili, mtandao unabeba michoro kama 0.138 kwa kila neva. Hopfield kwa majaribio ya kompyuta tu alikuwa ameshasema karibu 0.15. Ukizidisha hapo mtandao hausahau kidogokidogo, unaporomoka wote, kama maji yanavyoganda ghafla kwenye nyuzi fulani. Hayo ni mabadiliko ya hali, ni fizikia mpaka kwenye mifupa.

Kwa hiyo kama Nobel ni ya aliyesema wa kwanza, Amari ana kesi nzuri. Kama ni ya aliyefungua mlango watu wakapita, ni Hopfield. Mi mwenyewe ningewapa wote wawili, nafasi ilikuwepo, maana tuzo inaruhusu watu watatu na 2024 walipewa wawili. Hapo wala sitakubishia.

Ila hiyo ya "sio fizikia" nakataa. Giorgio Parisi kapewa Nobel ya fizikia 2021, na hesabu za sumaku vurugu ni sehemu kubwa ya kazi iliyompa, hakuna aliyelalamika. Hesabu ileile ikienda kwenye neva inageuka kuwa nini, mapishi?

#13 Ngwena wa Mtoni

Hoja ya mtu wa tatu umeninyamazisha kidogo. Ya fizikia bado. Parisi alikuwa anaelezea kitu kilichopo. Ubongo hauna waya zenye uzito sawa kwenda na kurudi, hata kidogo. Neva A ikigusa B haimaanishi B inaigusa A. Sasa huo mtandao unaelezea kitu gani cha dunia hii?

#14 dada_zuhura

Naomba niingilie hapa maana hii ndo sehemu yangu. Ngwena yuko sahihi kuhusu waya, na Hopfield alilijua hilo, kwenye ile ile makala anaongelea kuondoa ulinganifu na anaona kumbukumbu bado zinafanya kazi ila kwa makosa zaidi. Lakini wazo la bonde lenyewe limekuja kuonekana kwenye wanyama. Nzi wa matunda ana seli kwenye ubongo zinazomwambia ameelekea wapi, zimejipanga duara, na mwaka 2015 Seelig na Jayaraman walionesha donge moja la shughuli linazunguka kwenye duara hilo kadiri nzi anavyogeuka, na taa zikizimwa linabaki. Na 2022 kundi la akina Moser kule Norway walirekodi kwa pamoja mamia ya seli za gridi za panya, zile zinazomwambia yuko wapi, wakakuta shughuli zake zinaishi juu ya umbo la donati, panya akiwa macho na hata akiwa amelala. Hiyo ya kulala ndo muhimu, ina maana umbo linatokana na waya za ndani, halitokani na anachokiona. Sio mtandao wa 1982 wenyewe, ila ni ukoo wake kabisa.

#15 MzeeWaSumaku

Dada umenirahisishia, asante sana.

Niongeze kwamba yeye mwenyewe hakukaa kwenye mtandao wake kuupigia debe. 1984 akatoa toleo ambalo neva haziwaki-zimi tu bali zina viwango vya kati, karibu zaidi na neva halisi. Akiwa na David Tank wa Bell Labs 1985 wakautumia kutafuta njia fupi ya mfanyabiashara anayezunguka miji. Mwaka huohuo wawili hao na Alan Gelperin waliandika kuhusu konokono asiye na gamba, Limax, anayejifunza kwa kunusa chakula kipi kilimdhuru. Konokono! Mtu angeweza kuzunguka dunia anahutubia kuhusu akili, yeye yuko na konokono.

Na kuna kituko cha mwaka 2000 nakipenda sana. Yeye na Carlos Brody walitangaza kiumbe wa kubuni anaitwa Mus silicium, panya wa silikoni, ambaye anatambua neno moja la Kiingereza linalotamkwa, "one", kwa sauti za watu tofauti na kwa kasi tofauti. Wakatoa data za kama majaribio ya maabara, neva hii ilifyatua lini, ile lini, wakawaambia wanasayansi wa ubongo duniani, haya, tuambieni kinafanyaje kazi, na kuna mashindano. Jibu wakalitoa baadaye, neva zinalinganisha muda wa kufyatua, na zile zinazojikuta kwenye mwendo mmoja kwa sekunde kidogo ndo zinapiga kelele kwamba neno limesikika. Mimi naona lilikuwa kofi la kistaarabu. Kama kwenye kiumbe ambacho data zake zote zimetolewa mezani kazi ilikuwa ngumu vile, kwenye panya wa kweli unajidai unajua nini?

#16 Fundi Saketi

Dah. Na AI inaingiaje, maana vyombo vya habari vilisema kapewa Nobel kwa AI.

#17 MzeeWaSumaku

Inaingia kupitia watu. Mmoja wa wanafunzi wake wa PhD kule Princeton ni Terry Sejnowski, aliyemaliza 1978 kwenye fizikia akahamia ubongo moja kwa moja. Sejnowski akashirikiana na Hinton, wakachukua mtandao wa Hopfield wakautia joto, yaani neva inaamua kwa bahati nasibu inayoegemea nishati, wakaongeza neva zilizofichwa ambazo hazioni data moja kwa moja. Hiyo ndo mashine ya Boltzmann, 1985 pamoja na David Ackley. Kutoka hapo Hinton akaendelea mpaka tunakojua.

Ila ukubwa ndo unachekesha. Mtandao ambao Hopfield aliujaribu kwa kompyuta ulikuwa na neva 30. Jozi zake ni 30 mara 29 gawa kwa 2, yaani waya 435. Akajaribu wa neva 100, ukawa mzigo kwa kompyuta aliyokuwa nayo. Mitandao ya lugha ya leo inahesabiwa kwa mamia ya mabilioni ya waya, mingine zaidi.

Na hakuishia 1982. 2016, akiwa na miaka 83, yeye na Dmitry Krotov walibadilisha kanuni ya nishati ili mabonde yawe makali zaidi, uwezo wa kuhifadhi ukapanda sana. 2020 kundi la Sepp Hochreiter likaonesha kwamba toleo la namna hiyo, ukiligeuza vizuri, linafanya hesabu ileile ya usikivu (attention) iliyoko ndani ya modeli za lugha za kisasa. Yaani mzee alifunga mzunguko akiwa anakaribia tisini.

#18 dada_zuhura

Na yeye anaionaje AI? Hinton tunamsikia kila siku anaonya.

#19 MzeeWaSumaku

Anaogopa, ila kwa sauti ya mwanafizikia. Machi 2023 alikuwa miongoni mwa waliosaini ile barua ya wazi ya kutaka mifumo mikubwa isimamishwe kwa muda. Na baada ya Nobel alisema kinachomkosesha amani ni kwamba vitu hivi vinafanya kazi na hatuelewi kwa nini, hatujui mpaka wake uko wapi. Sasa kumbuka nilichoandika pale #1, mtu ambaye fizikia kwake ni kuamini dunia inaeleweka. Kwake mashine isiyoeleweka ni kazi ambayo haijakwisha.

Siku yenyewe ya Nobel, 8 Oktoba 2024, alikuwa Uingereza, kwenye kijumba kule Hampshire. Yeye na mkewe walikuwa wametoka kuchoma chanjo ya mafua, wakapitia kahawa, wanarudi nyumbani wanakuta barua pepe zimejaa kama mafuriko. Miaka 91. Kroni za Uswidi milioni 11 wanagawana na Hinton.

#20 Ngwena wa Mtoni

Swali la mwisho kutoka kwangu afu nakuachia uzi wako. Umesema kipaji chake ni kuchagua swali. Hilo linapimwaje? Kila anayefanikiwa tunaweza kusema baadaye kwamba alichagua vizuri.

#21 MzeeWaSumaku

Swali zuri na sina kipimo kamili, ila angalia wanafunzi. Mtu mwenye bahati tu anazalisha wanafunzi wanaofanya kitu chake kilekile. Huyu Sejnowski kaenda ubongo. Bertrand Halperin kawa jina kubwa kwenye fizikia ya mango. Steven Girvin yuko kwenye kwantamu. José Onuchic kaenda kwenye protini zinavyojikunja. David MacKay kaenda kwenye nadharia ya habari, afu akaja kuwa mshauri mkuu wa sayansi wa wizara ya nishati Uingereza. Erik Winfree anatengeneza kompyuta kwa DNA. Karibu kila mmoja ana shamba lake. Mimi hapo naona mtu aliyekuwa anafundisha kutafuta.

Halafu mwenyewe aliishika mada moja kwa muda gani? Fuwele kama miaka kumi, molekuli kama kumi, na alipoona mitandao imejaa watu akaenda kwenye kunusa na muda wa kufyatua neva. 1997 akarudi Princeton, safari hii idara ya baiolojia ya molekuli, na 2006 huyo huyo wa idara ya baiolojia akawa rais wa Jumuiya ya Fizikia ya Marekani.

#22 Kobe Mkimya

Nimeandika programu. Neva 30. Michoro ya kubahatisha 3, naharibu neva 4, inarudi mara nyingi. Nikaweka 8. Inarudisha uchafu.

#23 MzeeWaSumaku

30 mara 0.138 ni 4 na kidogo, kwa hiyo 8 umeijaza mara mbili, lazima ikatae. Sasa fanya ile ya 1983, iachie ianguke yenyewe kutoka popote, inapotua punguza waya kwa sehemu ndogo sana, tuseme 0.01 ya kanuni ya kuhifadhi, rudia mara kadhaa, afu ipime tena kwa michoro 5. Usirudie sana maana ukizidisha unafukia na za kweli. Weka matokeo hapa, na kodi yenyewe pia ili Fundi aikague.

#24 Fundi Saketi

Weka kodi Kobe, mi nataka niipeleke mpaka neva 1000.